Pakiti za Nyuzi Kutoka Kanyangi

Kanyangi,
9 Februari 2024

Kwako Mama,

Salamu zitangulie, maana bibi yako Susu amekaa hapa mlangoni na ameapa hataniruhusu niandike neno lingine kabla ya salamu zake. Anakusalimu wewe wajina wake. Anasema meno yaliyobaki ni manne na yote yako kazini. Mimi pia ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua habari za mvua kabla ya redio. Ndengu zimetubariki msimu huu. Mvua ilinyesha mpaka tukaomba ipumzike kidogo. Mbuzi sasa ni kumi na mmoja. Yule mweusi uliyempenda alizaa mapacha, halafu akawakataa, ikabidi niwanyonyeshe kwa chupa ya soda. Ungecheka sana kumwona mwalimu mstaafu, tena mzee wa kanisa, amekaa kwenye kigoda na vitoto viwili vya mbuzi vinamgombania.

Nimekuita Mama kama nilivyokuita tangu siku tulipokupa jina la mama yangu. Sijui kama bado nina ruhusa. Kama sina, utanisahihisha.

Ni miaka miwili na miezi minne tangu uondoke. Munyao, yule wa lori, aliniambia mwaka jana kwamba amekuona Malili, kwenye duka la jumla la mama mmoja Msomali, ukiandika mizigo ya ndengu inayoshushwa. Nikamuuliza kama umekonda. Akasema hajui, yeye akifika huangalia magunia tu. Nilikupigia simu mara mbili, kama unakumbuka, na mara zote mbili ulipokea, tukanyamaza sote mpaka salio likaisha. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kwenye simu ama nanyamaza ama nasema kabla sijafikiri, na unajua hilo la pili lilitufikisha wapi.

Sasa jambo lenyewe. Munyao anasema bado unalo lile gitaa la stima. Wiki jana nilikuwa Kitui mjini, nikaingia duka linalouza vinanda na matari ya kanisa, nikamwambia mwenye duka nataka nyuzi za gitaa. Alinipa pakiti hii. Ziko sita, nimezihesabu mwenyewe. Zinang'aa rangi ya dhahabu, kwa hivyo nadhani si za kubahatisha. Zile zako za kwanza ziliharibika, na mtu hawezi kupiga gitaa lisilo na nyuzi. Ukishazifunga, niandikie kama zinalia.

Munyao anapita hapa kesho asubuhi. Nimemwambia asiikalie bahasha.

Ni mimi babako,
Mwau Ndeti


Malili,
12 Machi 2024

Kwako Baba,

Salamu zimefika zote, hata za meno. Mwambie wajina wangu kwamba yangu bado ni mengi na yanamsalimu. Mimi ni mzima. Sijakonda. Kowsar, mwenye duka, huniwekea chakula mpaka nikatae, halafu anauliza kama nakataa kwa sababu hakina chumvi. Namwandikia mizigo asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Nyuma ya duka kuna stoo ya magunia, na tukishafunga kazi anatuachia tufanyie mazoezi humo. Sharti lake ni moja, kwamba adhana ikisikika tuzime mashine. Tunazima, tunakaa juu ya magunia tunangoja, kisha tunawasha tena. Tuko wawili tu, mimi na Katunge, msichana wa Kiboko anayepiga ngoma. Babake anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti huko, na ndiye aliyemnunulia ngoma. Tunapiga roki. Bendi inaitwa Kiangazi.

Kuhusu Mama, ukiniita hivyo bado naitika.

Lakini kuna sentensi moja siwezi kuiruka. Umeandika kwamba nyuzi zangu za kwanza ziliharibika. Nyuzi huharibika, nakubali. Sisi wa roki hutumia nyuzi nyembamba kuliko za wengine, maana hatubonyezi tu na kuachilia. Tunausukuma uzi pembeni kwa kidole, sauti inapanda, inapanda tena, mpaka inalia kama mtu anayeita. Ukizidisha, unakatika. Huko ndiko kuharibika. Zangu zilikatwa kwa koleo, zote sita, juu ya meza tunayolia chakula, na mimi nimesimama hapo nikiangalia. Siandiki hivi kwa ugomvi. Ni wewe uliyenifundisha kuandika jambo kama lilivyotokea.

Asante kwa nyuzi. Nimezifunga. Zinalia.

Binti yako,
Muthoki


Kanyangi,
2 Mei 2024

Kwako Mama,

Usidhani nilinyamaza. Barua yako ilikaa kwenye lori la Munyao wiki tano, na Munyao mwenyewe alikuwa amekwama ng'ambo ya mto kwa sababu maji yalijaa na barabara ikakatika. Alipofika hapa alikuwa na ndevu. Bahasha ilikuwa na alama ya kikombe cha chai juu yake, lakini maandishi yalisomeka. Hapa hatujambo. Mvua imebomoa choo cha zamani na kuacha kipya, kwa hivyo tunashukuru. Susu aliteleza kidogo akaumia kiwiko, sasa amepona, ila anautumia kiwiko hicho kukataa kazi asizozipenda.

Nimefurahi kwamba zinalia. Nilimsomea Susu neno hilo, akataka nilirudie. Nikarudi Kitui kwa mwenye duka yule, nikamwambia binti yangu amezisifu, akafurahi na yeye pia. Nimenunua nyingine za aina ile ile, ziko ndani ya bahasha hii, maana umesema hukatika. Sikujua kwamba uzi unaweza kusukumwa pembeni. Nilipokuwa mvulana nilimwona mtu akipiga gitaa kwenye harusi hapa Kanyangi sokoni, lakini la kwake lilikuwa la sanduku tu, lisilo na stima, na vidole vyake vilikuwa vinatembea, havisukumi.

Kuhusu koleo, Mama, kuna mambo hayakai vizuri kwenye karatasi. Unajua ilivyokuwa. Ilikuwa Jumapili ya vijana, ukapiga lile gitaa ibadani, akina mama wakatoka nje na watoto wao. Wazee wenzangu wakaniita kando. Nilikuwa na mwezi mmoja tu katika uzee wa kanisa. Wakaniuliza kama nyumba yangu ina mwenyewe. Sina zaidi ya hayo, naomba tuliachie hapo.

Susu hajaliachia. Yeye hesabu yake ni nyepesi. Anasema nilimkatia mtu mwenye jina lake, kwa hivyo nilimkatia yeye. Tangu siku ile haniiti mwanangu. Ananiita Mwalimu, kama wazazi wa shule walivyoniita wakija kulalamika. Asubuhi nikimpelekea uji anasema asante Mwalimu. Amesema ataendelea hivyo mpaka wajina wake aingie kwa mlango huu kwa miguu yake mwenyewe.

Utakuja lini? Chumba chako Susu amekijaza magunia ya ndengu, lakini siku utakayosema unakuja, nitayatoa yote kwa saa moja, na goti langu lijisemee linavyotaka. Nyumba hii imekuwa na nafasi kubwa mno. Naliwaza jambo hilo kila siku.

Babako,
Mwau


Malili,
20 Juni 2024

Kwako Baba,

Pole kwa choo na pole kwa kiwiko. Hapa tuko salama, vumbi limerudi mahali pake. Kowsar amepata mjukuu wa kike, na duka zima limekunywa chai ya maziwa ya ngamia kwa siku tatu. Katunge anakusalimu ingawa hajakuona. Pakiti ya pili nimeipata. Nyuzi zako ni nene kidogo kuliko nilizozoea, kwa hivyo vidole vimechubuka, lakini vinaanza kufanya ngozi.

Umeniuliza nitakuja lini. Nimeijibu barua yako mara nne nikachana, ndiyo maana nimechelewa. Si lori.

Nina hamu na nyumbani, baba, na sitajifanya sina. Kowsar hupika vizuri, lakini muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa haujui. Nina hamu na kelele zako ukinoa jembe asubuhi na kuimba pambio moja lile lile, ambalo hujawahi kulimaliza tangu nizaliwe. Nina hamu na Susu akinipanga nywele na kunivuta mpaka machozi yanitoke. Siku nyingine nikiona lori la Munyao linageuka kurudi Kitui, lazima nishike kitu.

Lakini najua itakavyokuwa nikija hivi hivi. Nitaingia, utaniuliza habari za safari, tutakaa kwenye meza ile ile na tutaongea habari za mbuzi. Tutaongea habari za mbuzi siku mbili nzima. Halafu nitapanda lori nirudi, na itakuwa kama hakuna kilichotokea, na kilitokea. Sitaki kuingia hivyo. Umeandika kwamba wazee waliuliza kama nyumba ina mwenyewe. Mimi sikuuliza kuhusu wazee.

Nikuulize jambo badala yake. Jumamosi tarehe 24 Agosti, saa tisa mchana, Kiangazi tutapiga kwenye uwanja ulio kando ya soko hapa Malili. Ni mara yetu ya kwanza mbele ya watu wengi. Njoo. Acha uzee wa kanisa Kanyangi, uje kama babangu tu, usimame popote unapotaka. Sitakuomba upende muziki. Nataka tu usikie kitu nilichoondoka nacho.

Mwambie Susu asiache kukuita Mwalimu. Natania. Mwambie namkumbuka sana.

Muthoki


Kanyangi,
30 Julai 2024

Kwako Mama,

Salamu kutoka kwa kila mwenye sauti hapa. Ndengu za msimu huu si kama zile za kwanza, lakini hatulali njaa. Wale mapacha wa mbuzi sasa ni wakubwa, mmoja amekula kitabu changu cha nyimbo kuanzia ukurasa wa kumi mpaka wa thelathini. Mchungaji alisema ni ishara, sikumuuliza ya nini. Kiwiko cha Susu kimepona kabisa, ila yeye bado hajakitangaza.

Nimesoma barua yako nikiwa shambani, nikaisoma tena nyumbani. Nilijaribu kitu kimoja. Kuna waya wa ua upande wa mtoni ambao umekazwa vizuri. Niliupiga kwa ukucha, halafu nikausukuma pembeni kama ulivyoeleza. Ulipanda kidogo, kweli. Kisha jirani akaniona, ikabidi nijifanye ninakagua nguzo.

Kuhusu tarehe 24, nimeangalia kalenda. Siku hiyo wazee wa kanisa tuna mkutano, na mimi ndiye katibu. Haiwezekani. Usidhani ni dharau. Nitakuombea mvua isinyeshe, ingawa mwezi huo hainyeshi hata usipoomba.

Nimekuwekea pakiti mbili safari hii, ili siku hiyo usikwame. Nafurahi kila ninapozinunua, sikufichi. Mwenye duka akiniona sasa huchukua pakiti kabla sijasema kitu. Nikitoka hapo nikiwa nazo mfukoni natembea kama mtu mwenye ahadi na mtu.

Ngozi ya vidole ni jambo zuri. Mimi yangu niliipata kwa jembe.

Babako,
Mwau


Malili,
7 Septemba 2024

Kwako Baba,

Natumai nyote ni wazima. Mimi ni mzima.

Tulipiga. Watu walijaa mpaka kwenye malori. Hakuna aliyetoka na mtoto wake. Kowsar alikuja amefunga masikio kwa pamba, akakaa mpaka mwisho, akaniambia hajaelewa chochote ila amefurahi.

Mkutano wa wazee ulikuwaje?

Tafadhali usinitumie nyuzi tena. Ninazo za kutosha.

Msalimu Susu.

Muthoki


Kanyangi,
21 Oktoba 2024

Kwako Mama,

Susu ni mzima na anakusalimu. Nasi tunangoja mvua ya pili, mashamba yamekwisha kulimwa. Leo sitaandika habari za mbuzi. Uliniambia unaogopa habari za mbuzi, na mimi pia nimeanza kuziogopa.

Kanisa letu limenunua gitaa la stima. Umesoma vizuri. Ni wazee wale wale, tena kwa kauli moja, wakisema vijana wanahamia makanisa yenye vyombo. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao hicho, na mkono wangu ulikuwa mzito sana. Anayelipiga ni Mbithi, mtoto wa fundi cherehani. Ulipokataa pakiti ya tano nilikuwa nimeshainunua, kwa hivyo nikampa yeye. Alipoifungua alicheka, halafu akaniangalia uso akaacha kucheka.

Akanionyesha. Alifunga zote sita, akawasha spika. Zile mbili nyembamba zilipiga kelele kanisa zima. Zile nne nene zilinong'ona tu, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Akanieleza kwamba chini ya nyuzi kuna sumaku, na sumaku inasikia chuma. Hizi nene zimevikwa shaba, na shaba sumaku haiijui. Ni nyuzi za gitaa la sanduku, Mwalimu, akaniambia, mwenye duka alikupa za sanduku kwa sababu hukumwambia la stima. Nikamwambia haiwezekani, binti yangu amezitumia tangu mwezi wa pili na ameniandikia kwa mkono wake kwamba zinalia. Kijana yule ana adabu. Akaanza kuzifungua moja moja.

Nilikaa kwenye benchi la kanisa muda mrefu. Kwa nini hukuniambia?

Halafu nikaona kwamba sina haki ya kuuliza, kwa sababu na mimi nilikuandikia uongo, na wangu ulikuwa mbaya zaidi. Tarehe 24 Agosti hakukuwa na mkutano wowote. Nilikuja Malili. Nilimfanya Munyao aape kwamba hatakuambia. Nilivaa kofia ya shambani, nikasimama kati ya malori mawili ya ndengu upande wa kushoto, karibu na wanawake waliokuwa wanauza mahindi ya kuchoma.

Katika wimbo wa kwanza ulikuwa umekunja uso kama ulivyokuwa ukiukunja siku ya mtihani wa hesabu, na macho yako yalikuwa kwenye vidole. Nikasema moyoni, huyu mtoto anateseka. Kisha wimbo wa pili ukaanza, na ulipofika katikati uliinua kichwa na uso wako ukafunguka. Ukacheka, Mama, peke yako, huku mkono unaendelea. Sijauona uso huo tangu ulipokuwa na miaka minane, kabla mama yako hajatuacha. Muziki wenyewe sikuuelewa, nisikudanganye. Ulinitetemesha kifua. Lakini uso niliuelewa. Nilisimama hapo nikalia, na mwanamke wa mahindi akanipa kitambaa akidhani ni moshi.

Nilitaka kuja mbele. Nilipiga hata hatua tatu. Kisha nikakumbuka uso wako juu ya ile meza, jinsi ulivyozimika ukiniangalia mimi, na nikaogopa. Nikaona kwamba ukiniona utazimika tena, mbele ya watu wote, na mimi ndiye nitakuwa nimekuzima kwa mara ya pili. Nikarudi nyuma. Mliporudia ule wimbo wa mwisho nilisimama nikausikiliza wote, kisha nikaenda kumngoja Munyao barabarani.

Sasa nitasema lile nililokataa kusema. Wazee hawakunipa koleo. Waliniuliza swali tu, na ningeweza kulijibu kwa njia nyingi. Nilitoka kanisani kwa miguu, nikapita shuleni, nikapita kwa fundi, nikafika nyumbani, nikafungua kabati langu, nikalitafuta koleo mpaka nikalipata. Uzi wa kwanza niliukata kwa hasira. Ule ulipokatika ulikupiga shavuni, nikaona, na hasira ikaisha papo hapo. Zile tano zilizobaki nilizikata nikiwa najua ninachofanya. Niliendelea kwa sababu sikujua mtu anaachaje katikati. Nimezibeba hizo tano miaka mitatu sasa.

Nilikosa. Nisamehe, Mama.

Sikuulizi tena utakuja lini.

Babako,
Mwau


Malili,
29 Oktoba 2024

Kwako Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Susu. Munyao alinipa barua yako akasimama palepale, hakwenda kushusha magunia. Nadhani kiapo chako kilikuwa kimemchosha. Niliisoma nikiwa nimeketi juu ya mizani ya duka, Kowsar akaja kuona kwa nini mizani inatikisika, akanichukua akanikalisha ndani.

Nimekusamehe. Nimeiandika kwanza ili usiitafute huko chini. Nilingoja uitaje hiyo siku kama ilivyokuwa, na umeitaja hata zaidi ya nilivyokuwa naijua. Nilidhani zote sita zilikuwa hasira. Ingekuwa rahisi kwako kuniacha nidhani hivyo, na hukuniacha.

Sasa kuhusu nyuzi. Sikukudanganya kuhusu zote. Kama Mbithi alivyokuonyesha, katika kila pakiti kuna mbili za chuma kitupu, na hizo nilizifunga. Zile nne za shaba za kila pakiti ziko kwenye mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda changu, kumi na sita kwa jumla, sijatupa hata moja. Siku ile uwanjani nyuzi mbili nyembamba zilikuwa zako, zile nne nyingine nilijinunulia. Kila ulipoisikia sauti inapanda na kulia ilikuwa ni uzi wako ninausukuma. Ni mnene, unaumiza, mtu mwingine wa roki angenicheka. Nilijua ni za sanduku tangu nilipofungua pakiti ya kwanza. Sikukuambia kwa sababu katika miaka miwili na miezi minne ulikuwa umeniuliza swali moja tu, kama zinalia, na sikuweza kulijibu kwa la. Halafu ukaanza kuzinunua kwa furaha, na kila pakiti ikawa ngumu zaidi kuliko ya kwanza.

Niliposema usitume tena, haikuwa kwa sababu ya shaba. Ilikuwa hasira. Ulikuja mpaka Malili, ukasimama pale, ukaondoka bila kunisalimu, halafu nikaona kwamba hutaniandikia hata neno moja kuhusu siku hiyo. Ndiyo maana nilikuuliza habari za mkutano.

Nilikuona, baba. Ile kofia ya shambani naijua, ni mimi niliyeishona ukingo ulipochanika. Ulipoanza kutafuta njia ya kutoka, nilimwambia Katunge turudie wimbo wa mwisho. Akaniuliza kwa nini, watu wameshapiga makofi. Nikamwambia turudie tu. Ukasimama. Tulipoumaliza nilitaka turudie tena, lakini kijana wa jenereta alikuwa ameshazima, na nilipoweka gitaa chini nikakimbia mpaka kwenye malori, hukuwepo.

Jumamosi tarehe 9 Novemba nitashuka Kanyangi na Munyao. Nimeshaomba ruhusa. Usiende kokote siku hiyo.

Umeandika kwamba uliogopa nikikuona uso wangu utazimika. Wimbo wa kwanza sikuwa nimekuona. Katikati ya ule wa pili niliinua kichwa nikakuona umesimama kati ya malori. Huo uso ulioukimbia ndio uso wangu nikikuona.

Binti yako,
Muthoki